Sikuwamiminia Kahawa

Msiri wangu, nakwambia wewe kwanza kwa sababu wewe hukimbilii kucheka. Kuna diski inazunguka hapa Birmingham, ina mchezo wa kuigiza, na mimi nimo. Nimekaa jikoni na gauni la kijivu na kitambaa kichwani. Kwenye mchezo mimi ni mama, mwanangu amefia kiwandani. Wanaingia mabwana wawili wenye kofia, watu wa kampuni. Mwishoni unaona mikono ya mwanamke inamimina kahawa kwenye vikombe viwili, taratibu, mvuke unapanda, na bwana mmoja anatabasamu.

Mikono ile ni yangu. Pete ni yangu, na lile kovu la mafuta ya moto kwenye kidole gumba ni langu. Lakini kahawa sikuwamiminia.

Nina hasira ninapoandika haya, na sitajifanya sina ili nionekane mcha Mungu zaidi. Nimeswali, nimemaliza, nimekaa hapa mezani, na hasira bado ipo. Basi ngoja nikueleze ilivyokuwa, na ukimaliza kusoma nitakuwa na ombi.

Mume wangu alipofariki niliachwa na watoto na kazi ya usafi asubuhi kule hospitali ya Edgbaston. Jioni nikaanza kusoma. Nilianza na Kiingereza, nikafuata hesabu, maana nilikuwa nataka niwe msaidizi wa mwalimu skuli ya msingi, nikae na watoto wadogo niwafundishe kusoma, niache kusukuma ndoo. Wakaniambia koleji, umebakisha somo moja, na nafasi iliyobaki ni darasa la jioni la michezo ya jukwaani na televisheni. Nikasema hewallah, televisheni nani asiyeijua?

Ticha wetu alikuwa Mwingereza mwembamba, skafu shingoni hata kukiwa na joto. Nisimnyime haki yake, kazi yake alikuwa anaipenda. Siku moja akatuletea mchezo wa zamani sana, wa Marekani, wa nyeupe na nyeusi. Akatueleza kuwa televisheni ilipokuwa bado changa kule Marekani, walikuwa wanachukua mchezo wa jukwaani wanaukatakata hadi utoshe saa moja, halafu waigizaji wanaingia studio kule New York na wanauigiza papo hapo, na watu majumbani wanautazama dakika ileile. Kanda za kurekodia hazikuwapo. Na sisi tuliweza kuuona kwa sababu tu kuna mtu siku ile aliweka kamera ya filamu mbele ya kioo cha televisheni akaupiga picha.

Mimi niliupenda. Kweli kabisa. Mlango ukifungwa, ukuta mzima unatikisika kama shuka kwenye kamba. Kuna bwana mmoja alisahau maneno, ukawa unamwona macho yanatafuta, jasho linamtoka, na hakuna wa kumwambia rudia. Likishatoka limetoka. Nikasema moyoni, hawa walikuwa watu wa kweli, wanasema mbele za watu na hawana pa kujificha.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kijana amefia kwenye kiwanda cha nguo. Mama yake yuko jikoni na jirani yake. Wanakuja mabwana wawili wa kampuni, wanavua kofia, wanasema pole, halafu wanamtaka mama akubali kuwa mwanawe alikuwa amelewa siku ile, ili kiwanda kisiwe na lawama. Mama hajibu. Anatazama meza. Mimi huku nimekaa mbele ya kiti, nangoja awafukuze. Mama akainuka. Akachukua birika, akawamiminia kahawa, mmoja baada ya mwingine, akatabasamu kidogo. Mezani kuna kopo la kahawa, limegeuzwa uso wake unatutazama sisi. Muziki. Na hapohapo akatokea bwana mwingine, meno yote nje, kashika kopo lilelile, anatuambia kahawa hii ni tamu.

Nikanyoosha mkono.

"Samahani, ticha. Huyu mama si ndiye aliyefiwa?"

"Ndiye."

"Sasa mbona anawapa watu kahawa?"

Darasa likacheka. Kulikuwa na dereva wa basi mmoja kutoka Northfield, mtu mnene wa mzaha, akasema, "Labda kawatilia sumu, mama!"

"Angewatilia ningemwelewa," nikasema.

Pembeni yangu alikuwa amekaa mama mmoja wa Bukavu, Mkristo, mtu wa kanisa lake kila Jumapili. Alikuja hapa na watoto wake akikimbia vita. Akaniinamia, akanong'ona kwa Kiswahili chao: "Mama, ule mwanamuke banamuonea. Kwetu mutu wa matanga hagusi hata sufuria. Na banamutia mu publicité, auzishe kahawa!"

Hapo ndipo ticha akatueleza, tena kwa furaha, kama mtu anayetoa peremende mfukoni. Alisema kwenye mchezo wa jukwaani haikuwa hivyo. Jukwaani mama hainuki. Anakaa, ananyamaza, na mabwana wanabaki wamesimama na kofia mkononi, wanangoja, wanangoja, mpaka wanatoka wenyewe. Ndivyo ulivyokuwa unaisha. Lakini kipindi cha televisheni kililipiwa na wauza kahawa, na wauza kahawa hawakutaka watu wakae kimya jikoni wakati kopo lao liko mezani. Basi mwisho ukabadilishwa.

"Kwa hiyo inajulikana," nikamwambia. "Inajulikana kuwa ni uongo."

"Si uongo," akasema. "Ni toleo jingine."

Neno hilo liweke pembeni, msiri wangu. Nitalirudia.

Sasa lazima nikwambie kwa nini lilinichoma hivyo, maana utasema mama huyu ana kisirani, filamu ya watu weupe waliokwisha kufa inamhusu nini?

Mume wangu alifanya kazi karakana moja ya kukata mabati, hapo Saltley, mtaa wa nyuma. Mashine ile ilikuwa na kinga ya chuma mbele, na kinga ilikuwa imetolewa ili kazi iende mbio. Wote walijua. Alikufa mwezi wa Ramadhani, mchana. Siku ya tatu ya msiba akaja mwenye karakana na mwenzake, na kikapu cha matunda. Wanaume walikuwa sebuleni, mimi nimeshaanza kukaa eda, niko chumbani nyuma ya pazia, na binti yangu mkubwa, ambaye wakati ule alikuwa bado mdogo, ameshika kidole changu. Tukamsikia yule bwana anasema pole. Halafu akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kuwa tatizo marehemu alikuwa amefunga. Ati mtu mwenye njaa anachoka, hawezi kuangalia mashine vizuri. Ati alishamshauri asifunge.

Umesikia? Mume wangu alifunga humo kila mwaka, na hakuwahi kujikwaruza hata ukucha. Saumu yake ndiyo wakaifanya kosa lake. Ibada yake ndiyo wakaifanya ulevi.

Na shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa kuogopa wazungu wasije wakasema hatuna adabu, akapaza sauti kuelekea ndani: "Jamani, wageni hawa hawafungi. Wapikieni chai!"

Nikasema kutoka nyuma ya pazia, na nilisema kwa Kiingereza changu cha wakati ule ili waelewe: "Hakuna chai. Nyumba hii ina msiba. Mume wangu alikuwa amefunga, hakuwa amelala. Mashine ndiyo ilikuwa wazi."

Wakaondoka na kofia zao. Kikapu nikakitoa nje, wakala ndege.

Kwetu mfiwa hapiki, hatengi, haandai. Majirani ndio wanaoleta chakula na wao ndio wanaogawa. Hata anayekupenda huinuki kumhudumia, sembuse aliyekuja kumsingizia maiti wako. Lakini shemeji hajanisamehe mpaka leo. Kila akipata mwanya husema, "Shemeji, siku ile ulitutia aibu." Na binti yangu alikuwepo. Alinisikia. Katika yote niliyompa mtoto yule, nguo, skuli, darasa la Kurani Jumamosi, sidhani kuna kitu kimekaa ndani yake kama ile siku. Hiyo ndiyo mali yangu, kuwa mwanangu alinisikia nikikataa.

Basi turudi darasani. Ticha akatangaza kuwa mtihani wetu wa mwisho ni kuuigiza mchezo ule wenyewe, kama walivyofanya Wamarekani, papo hapo, kamera tatu, hakuna kurudia, na wageni wetu watakaa chumba cha pili wanautazama kwenye televisheni. Akagawa nafasi. Dereva wa basi na mwenzake mmoja wakawa mabwana wa kampuni. Mama wa Bukavu akawa jirani. Mimi nikawa mama.

"Kwa nini mimi?"

"Una uso," ticha akasema.

"Kila mtu ana uso."

"Wako unanyamaza vizuri."

Nilikubali nikiwa nimeshaamua. Darasa lilipoisha nikabaki. Nikamwambia, ticha, nitaigiza yote, maneno nitayashika, lakini kumimina sitamimina. Akafikiri naona haya mbele ya wanaume. Akasema birika litakuwa tupu. Nikamwambia si birika. Akasema basi tutie maji. Nikamwambia si maji pia, ni mkono wangu. Nikamweleza habari ya mume wangu, ambayo sijapata kumweleza mtu yeyote pale koleji. Nilimweleza nikiwa nimesimama, mkoba begani, na yeye akavua miwani.

Akaifuta kwa skafu. Mwisho akasema, "Sawa. Tutamaliza kama jukwaani. Utakaa."

"Umeniahidi?"

"Nimekuahidi."

Nikamshukuru. Nikamwombea dua njia nzima kwenye basi, Mungu anajua.

Mazoezi yalikuwa raha. Mama wa Bukavu akisahau maneno ya Kiingereza anaingiza Kifaransa, ticha anashika kichwa. Dereva wa basi akija kusimama mbele yangu na kofia yake ananong'ona, "Mama, koo limenikauka, nitilie kidogo tu, mumeo wa kampuni nitakuwa." Namwambia kaa mbali, fitina wewe. Siku moja kabla ya onyesho tukawa tunapima taa. Ticha akaniita mezani.

"Nahitaji mikono tu," akasema. "Nione mvuke unavyoshika mwanga. Si mchezo huu, tunapima taa."

Palikuwa na birika la maji ya moto na vikombe viwili. Hakuna mabwana, hakuna kofia, hakuna msiba. Fundi wa taa anakula mkate pembeni. Nikamimina. Kikombe cha kwanza, cha pili. Akasema tena, polepole. Nikamimina tena. Juu ya kamera palikuwa na taa nyekundu imewaka, na mimi nilidhani ni ya kuonyesha umeme upo.

Siku ya onyesho ikafika. Nilitia udhu, nikaswali magharibi chumba cha kuhifadhia viti, nikavaa lile gauni la kijivu. Binti yangu alikuja na wadogo zake. Amenuna, kwa sababu siku zile kila ninalofanya lilikuwa linamwaibisha. Shemeji tulimwalika, akasema ana shughuli.

Tukaanza. Kweli mlango ulifungwa na ukuta ukatikisika, na mimi nikafurahi moyoni. Mabwana wakaingia, wakavua kofia. Dereva wa basi, yule mtu wa mzaha, alikuwa amebadilika, sauti imekuwa laini, laini ya yule mwenye karakana hasa. Akasema maneno yake: "Bibi, kijana wako alikuwa amelewa. Sisi sote tunajua. Sema tu, tumalize."

Nikakaa.

Sijui nilikaa kiasi gani. Nilitazama meza. Nilisikia saa ya ukutani, nikasikia mtu anakohoa chumba cha pili. Sikuwa naigiza tena. Dereva akahama mguu mmoja, akahamia wa pili, akazungusha kofia. Mwenzake akamtazama. Kimya kikawazidi nguvu. Dereva akafungua mdomo akasema neno ambalo halikuwa kwenye mchezo: "Basi... sisi tutakwenda." Wakatoka, na mmoja akasahau kofia.

Na hapo mama wa Bukavu, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa tu pale dirishani mpaka mwisho, akainuka. Hakuna aliyemwambia. Akachukua birika, akachukua kikombe kimoja, akanimiminia mimi. Akakishika kikombe mpaka mikono yangu ikakikamata. Nikanywa. Yalikuwa maji ya vuguvugu, na nilikunywa kama maji ya futari.

Taa zikazimwa. Nikamwuliza, "Umefanya nini wewe?" Akasema, "Mama, ningekuacha namna ile? Matanga ni matanga."

Binti yangu akaja kutoka kule chumba cha pili. Mtoto huyu nikimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza, na ndivyo walivyo wote hapa. Alisimama mbele yangu, akanitazama kama mtu aliyeona kitu alichokuwa amekisahau. Akasema kwa Kiswahili, kibaya kidogo, "Mama. Hujainuka."

"Sikuinuka, mwanangu."

Ingekuwa hadithi imeishia hapo, msiri wangu, nisingekusumbua.

Likizo ikapita. Siku moja nimo dukani kwa muuza nyama, Alum Rock Road, napanga foleni, nikasikia sauti ya shemeji nyuma yangu. Sauti ya kucheka.

"Shemeji! Kumbe kumimina unajua!"

Nikageuka. "Kumimina nini?"

"Nimekuona kwenye televisheni koleji, nilimpeleka mwanangu kujiandikisha. Wameiweka pale mlangoni, inarudia na kurudia. Wazungu wawili na kofia zao, na wewe unawamiminia, taratibu, kama bibi harusi! Kaka yangu alipokufa hukutoa hata kikombe cha maji. Ukilipwa cheti, unamimina."

Watu kwenye foleni wakageuka. Muuza nyama akasimamisha kisu. Nikamwambia, "Shemeji, sikumimina."

"Nimeona kwa macho yangu, ati!"

Niliondoka bila nyama. Nilitembea kwa miguu mpaka koleji. Na kweli, pale mlangoni, juu ya meza ya mapokezi, televisheni imewekwa. Nikasimama na watu wanapita. Nikajiona nimekaa. Mabwana wamesimama. Kimya, lakini kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi. Halafu picha ikakatwa, ikaja mikono. Mikono yangu. Birika, mvuke, kikombe cha kwanza, cha pili. Ikakatwa tena, dereva anatabasamu, tabasamu la mwanzo wa mchezo alipokuwa anaingia mlangoni. Halafu kopo la kahawa. Mwisho. Mama wa Bukavu na kikombe chake hayumo kabisa. Kama hajawahi kuinuka duniani.

Nilimkuta ticha chumbani kwake anapanga viti.

"Umeniahidi," nikamwambia.

Alijua nasema nini. Hakuuliza. "Na nilitimiza. Siku ile ulikaa."

"Na kwenye diski?"

"Diski ni kwa watahini wa nje. Kichwa cha somo ni mchezo uliogeuzwa kuwa televisheni. Lazima waone mgeuzo. Na kimya kilikuwa kirefu mno, kwenye kioo hakivumiliki. Watu wangedhani imeharibika."

"Ulichukua mikono yangu."

"Ulimimina vizuri sana. Ndiyo picha nzuri kuliko zote."

"Uliniambia tunapima taa."

"Tulikuwa tunapima. Ikatokea nzuri." Akatabasamu, masikini, alidhani ananisifu. "Umefaulu. Tena kwa alama za juu. Ni toleo jingine tu."

Toleo jingine! Msiri wangu, nimelelewa nisimpazie sauti mwalimu. Kwetu mwalimu ni kama mzazi. Siku ile nilipaza. Nilimwambia: wewe ulituchekea wale wauza kahawa wa Marekani. Ulitufundisha, ukatuonyesha kwa kidole, tazameni walivyomfanya mwanamke huyu. Halafu umekwenda umefanya lilelile, kwa mwanamke ambaye si wa kubuni, ambaye amekueleza kwa mdomo wake. Wao angalau walikuwa na kahawa ya kuuza. Wewe ulikuwa unauza nini?

Akashika skafu yake.

Nikamwambia nipe kanda yenyewe, ile ya siku ile, nzima. Akaangalia chini. Akasema kanda wanazitumia tena na tena, koleji haina za kutosha. Darasa la muhula mpya limeshaandika juu yake. Nikamwambia basi itoe ile ya mlangoni. Ile ya mlangoni aliitoa, hilo nalisema, kesho yake haikuwepo. Lakini diski walishagawiwa wanafunzi wote na jamaa zao, na watahini, na sijui nani tena. Dereva wa basi anayo. Aliniomba radhi kwenye simu mpaka nikamhurumia, maana hata tabasamu lake waliliiba. Shemeji anayo. Aliomba mlangoni akapewa.

Nilipomwonyesha binti yangu hakulia. Aliitazama mara moja, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Nikaogopa. Niliogopa kuliko siku nyingine yoyote tangu baba yake afe, maana nilimwona anafikiri. Picha iko mbele yake, nzuri, safi, na yeye ana kumbukumbu tu. Akasema, "Lakini mimi nilikuwepo." Halafu, "Nilikuwepo, eti Mama?"

Lile "eti" ndilo lililonikata. Mtoto aliyeona kwa macho yake ananiuliza mimi kama aliona. Na kama leo ananiuliza jikoni, na watoto wake je? Siku mimi sipo, siku mama wa Bukavu hayupo, wataikuta diski kwenye sanduku na watasema, tazameni, bibi yetu huyu, anawapa kahawa. Na babu yao atakuwa amekufa kwa sababu alifunga.

Nikamshika mkono. Nikamwambia ulikuwepo. Mara zote mbili ulikuwepo, nyuma ya pazia na chumba cha pili. Hebu nihadithie wewe, mimi nisikilize. Akanihadithia. Kwa Kiingereza na Kiswahili, vyote kwa pamoja, akifika kwenye kofia iliyosahauliwa akacheka. Nikamwambia haya, tena. Akanihadithia tena. Wadogo zake wakaja wakakaa sakafuni. Tangu siku ile ikawa desturi yetu, diski tukaiacha kabatini na hadithi tukawa tunaisimulia kwa mdomo.

Cheti sikukirudisha, kama utauliza. Nilikitolea jasho. Sasa nakaa na watoto wadogo skuli, nawafundisha kusoma, na wakiniuliza kitu nawajibu kweli. Mama wa Bukavu huja kwangu siku za Idi, mimi huenda kwake Krismasi, na kila nikifika ananimiminia chai yeye kwanza kabla sijakaa. Shemeji tunasalimiana. Hasira haijaisha, na sijaiomba iishe. Naiweka palepale ninapoiona, kama kinga mbele ya mashine.

Nimefikiri sana juu ya yule mama wa Marekani. Kuna usiku fulani kwenye jumba la maonyesho kule kwao mwanamke alikaa kwenye kiti mpaka mabwana wakatoka, na watu waliokuwemo waliona. Halafu ikaja televisheni, na sasa ulimwengu mzima unaloliona ni birika. Kilichobaki cha yule wa kwanza ni maneno ya watu tu. Kama watu wale wasingesimuliana, ticha asingejua, na mimi nisingejua, na kahawa ingekuwa ndiyo kweli.

Basi ombi langu ni hili. Ukimkuta mtu ana diski ile, usimnyang'anye, usigombane naye. Kaa naye aitazame. Ikifika ile mikono, mwambie asimamishe picha. Mwambie hayo ni maji, siku hiyo walikuwa wanapima taa. Mwambie siku yenyewe mama yule alikaa, mabwana wakatoka wenyewe, na aliyepewa kikombe alikuwa mfiwa. Kisha umwombe naye amwambie mwingine.